Mnada Ukipita, Mtaa Unabaki

    Msikilizaji uliye nyumbani, sogea karibu na redio, maana leo tunaizungumzia nyumba hiyo hiyo uliyoketi ndani yake.

Nataka tuzungumze juu ya nyumba zinazopigwa mnada kwa sababu ya deni. Cyamunara, kama tunavyosema sote hapa Kigali hata tunapozungumza Kiswahili. Habari hii tumezoea kuitazama kwa upande mmoja tu: fulani alikopa, fulani hakulipa, nyumba imeuzwa, basi. Leo naomba tuitazame kwa upande wa waliobaki. Nyumba ya jirani ikishauzwa, mtaa unapata hasara gani? Na mtaa huo ufanye nini usiyumbe? Lishikeni swali hilo, tutalirudia.

Mfano wetu ni Niboye. Kwa mgeni wa Kigali, Niboye ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, na ina seli tatu: Gatare, Niboye yenyewe na Nyakabanda. Barabara zake zina namba zinazoanza na KK, kama zilivyo za Kicukiro yote. Nyumba zake nyingi zina ukuta na geti, na nyuma ya nyumba kubwa kuna aneksi, vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Sisemi Niboye imepigwa na minada kuliko Kanombe, Kagarama au Gikondo. Nimeichagua kwa sababu ni mtaa wa kawaida wa mji huu, na yanayoupata ndiyo yanayoipata mingine.

Tuanze na tangazo. Mmeyaona matangazo haya gazetini na kwenye simu zenu. Tangazo la mnada lina mpangilio wake. Kuna jina la afisa anayesimamia mauzo na namba yake ya simu. Kuna namba ya kiwanja, UPI. Ukiona inaanza na 1/03, jua hapo ni Kicukiro. Kuna ukubwa kwa mita za mraba, mudugudu, seli na sekta. Kuna fedha ambazo anayetaka kushindana lazima aziweke kwanza, asilimia 5 ya thamani ya mali, pamoja na akaunti ya kuziwekea. Kuna siku mnada utakapofunguliwa kwenye mtandao. Halafu kuna mstari mmoja mfupi: kutembelea mali ni kila siku, saa za kazi.

Hebu tuusikilize tena mstari huo. Kutembelea mali ni kila siku. Lakini mali hiyo bado ina watu ndani! Mtoto anafanya mazoezi ya shule sebuleni, mama anaepua sufuria, geti linagongwa. Anaingia mtu asiyejulikana. Anatazama dari, anagonga ukuta kwa kidole, anafungua bomba aone kama maji yanatoka, anauliza aneksi zinaingiza kiasi gani kwa mwezi. Anatoka. Kesho anakuja mwingine na mkewe. Majirani wanaona magari yasiyo ya hapo yakisimama getini. Hakuna anayeuliza, na hakuna anayesema.

Tumefikaje hapo?

Wengi wakisikia nyumba inapigwa mnada hudhani mwenyewe alikopa ili ainunue. Kwetu mara nyingi sivyo. Nyumba ilijengwa zamani, tofali baada ya tofali, kwa akiba ya miaka. Kilichobadilika ni hati. Katika zoezi la kuandikisha ardhi lililofika kilele kabla ya mwaka 2013, viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikishwa nchini kote, na mwananchi wa kawaida akapata karatasi ambayo benki inaiheshimu. Lilikuwa jambo jema. Mwenye butiki aliongeza mzigo. Mwenye baa alinunua friji na viti. Mwenye gari la watalii alinunua la pili. Mkopo ni wa biashara, wa miaka michache, kwa riba inayozunguka asilimia 16 kwa mwaka. Dhamana ni nyumba ya familia.

Kisha ikaja Machi 2020. Tarehe 21 tukaambiwa tubaki majumbani. Shule zilikuwa zimeshafungwa, na mwalimu wa shule binafsi akakaa bila mshahara. Watalii wakakatika. Baa zilifungwa mpaka Septemba 2021, mwaka mzima na nusu. Benki Kuu ya Taifa, BNR, iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya walioathirika, na hatua hiyo iliwavusha wengi. Lakini mkopo uliopangwa upya haujafutwa. Riba iliendelea kuhesabiwa, siku ya kuanza kulipa ikafika, na wengine ikawakuta baa imefunguliwa lakini wateja hawajarudi.

Na utaratibu wa kuuza ni wa haraka. Tangu sheria ya rehani ya mwaka 2009, benki yenye rehani iliyosajiliwa haihitaji kesi ndefu mahakamani. Inaomba idhini kwa Msajili Mkuu aliye katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na mauzo yanaanza. Wakopeshaji wanasema bila wepesi huo riba ingekuwa juu zaidi, na hati ya mnyonge isingepokelewa benki. Wana hoja, na mimi sibishani nao. Dawa ya deni ni kulipa. Ila utaratibu ukiwa wa haraka namna hiyo, kila wiki ya mwanzo ina thamani, na sisi wiki hizo tunazipoteza.

Sasa nina mambo matatu ya kuwaambia. La kwanza ni ukimya. La pili ni bei. La tatu ni nyumba inayobaki tupu. Ukimya, bei, nyumba tupu. Twende moja moja.

La kwanza, ukimya. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Chukua mtu wa Niboye aliyekosa kulipa rejesho la mwezi mmoja. Angekwenda benki wiki ile ile, angesikilizwa kama mteja aliyeteleza. Lakini haendi. Simu ya benki ikiita, anaiacha ilie. Anachukua fedha za kimina, chama cha kuweka na kukopeshana, kuziba pengo. Kimina kikishindwa, anakwenda kwa wale wa Banki Lamberi, wakopeshaji wa mitaani wasio na leseni, ambao riba yao huhesabiwa kwa mwezi. Sasa ana madeni matatu, na nyumbani hakuna anayejua.

Nasema hakuna anayejua, hata mkewe. Utauliza: inawezekanaje, wakati sheria yetu hairuhusu nyumba ya mke na mume iwekwe rehani bila ridhaa ya wote wawili? Ni kweli, na kinga hiyo imewaokoa kina mama wengi. Lakini inafanya kazi siku ya kukopa. Walikwenda pamoja wakatia saini. Miezi ya kulipa na miezi ya kutolipa, barua na simu zinamfikia mmoja tu. Mama anakuja kujua siku mgeni wa kwanza anapogonga geti kuja kutembelea mali.

Kwa nini tunanyamaza? Ni aibu, wasikilizaji. Katika mtaa wenye mageti, heshima ya mtu imesimama juu ya geti lake. Mtu yuko radhi apoteze nyumba kuliko kusikika akisema "nimekwama." Na sisi majirani tunamsaidia kunyamaza, tunajiita wastaarabu. Jambo la kwanza, basi, ni hilo: deni linalozungumzwa mapema lina milango. Kuna kurefusha muda wa mkopo. Kuna kuuza gari au kiwanja cha kijijini ili nyumba ipone. Kuna kuhamia aneksi na kupangisha nyumba kubwa. Deni lililonyamaziwa lina mlango mmoja tu, na mlango huo unafunguliwa na mtu mwingine.

Tunaendelea. La pili ni bei, na hapa nitawapigia hesabu moja tu. Namba nimezitunga iwe nyepesi.

Nyumba ina thamani ya faranga milioni 60 sokoni. Deni ni milioni 35. Mwenyewe akiamua mapema kuuza kwa hiari, anapata, tuseme, milioni 55. Analipa benki, anabaki na milioni 20. Kwa milioni 20 mtu anaweza kutafuta kiwanja Masaka au Bugesera akaanza tena, kwa unyonge lakini kwake. Sasa tuseme amenyamaza mpaka mnada. Riba, adhabu na gharama za mauzo zimelifikisha deni milioni 39. Mnada umeleta milioni 40. Anabaki na milioni 1. Nyumba ni ile ile na deni ni lile lile la mwanzo, lakini familia moja imeondoka na milioni 20, nyingine imeondoka na milioni 1. Kilichozitofautisha ni miezi ya kunyamaza.

Kwa nini bei ya mnada hushuka? Mnunuzi anajua muuzaji hana pa kwenda. Mnada wa kwanza ukikosa bei, unaitishwa tena, na mnunuzi anajua kungoja kunamlipa. Halafu kulikuwa na makomisiyoneri, yaani madalali. Enzi za kupiga mnada uwanjani, watu walilalamika sana kwamba wenzetu hao hukubaliana kabla: mmoja anataja bei, waliobaki wanakaa kimya, na baadaye wanagawana. Ndiyo sababu moja iliyofanya minada ianze kuhamishiwa kwenye mtandao mwaka 2020. Ilikuwa hatua nzuri. Leo mtu wa Musanze, au Mnyarwanda aliye Brussels, anaweza kushindana bila kuonana na komisiyoneri yeyote. Lakini nawauliza: ni wangapi kati yenu mmewahi kufungua tovuti ya cyamunara? Jirani anayetafuta kiwanja cha mwanawe, ambaye angetoa bei ya haki, hana habari kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake imo humo.

"Lakini mimi inanihusu nini?" utasema. "Yeye ndiye aliyekopa." Inakuhusu. Mthamini akija kuithamini nyumba yako, anatazama nyumba za jirani zimeuzwa kiasi gani. Nyumba mbili tatu za mtaa wako zikienda kwa bei ya kutupa, thamani ya hati yako inashuka, nawe hudaiwi hata faranga. Bei ya haki ya jirani yako ni mali yako pia.

Majirani zetu wa Afrika Mashariki wameliona hili na wameliwekea sheria. Kenya, katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, anayeuza nyumba ya rehani ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo, na mwenye nyumba anaweza kuiomba mahakama iyatengue mauzo. Tanzania nayo ina kifungu kinachofanana na hicho katika Sheria yake ya Ardhi. Uganda, Kanuni za Rehani za mwaka 2012 zinaruhusu mahakama kuahirisha mnada mdaiwa akiweka asilimia 30. Kanuni hiyo ina wanaoilaumu, maana aliyeshindwa kulipa rejesho asilimia 30 ataitoa wapi? Hata hivyo kila nchi inahangaika na swali moja: tufanyeje benki ipate fedha zake bila nyumba kutupwa?

Tumesema la kwanza ni ukimya. La pili ni bei. Sasa la tatu, nalo ndilo kubwa: nyumba inayobaki tupu.

Mnada umekwisha, na aliyeshinda anaishi mbali. Pengine alinunua ili auze tena bei ikipanda. Pengine mwenye nyumba wa zamani amekwenda mahakamani na mambo yamesimama. Geti limefungwa kwa mnyororo. Miezi inapita. Tuhesabu pamoja mtaa unapoteza nini.

Wapangaji wa aneksi ndio wa kwanza. Kijana wa pikipiki ya abiria, msichana wa saluni, mlinzi na mkewe. Walilipa kodi ya miezi kadhaa mbele kwa mwenye nyumba wa zamani. Mmiliki mpya hawajui, na mmiliki wa zamani hana cha kuwarudishia. Wanahama usiku wakiwa na magodoro kichwani. Hawa hawakukopa chochote, na jina lao halimo katika tangazo lolote.

Wa pili ni mwenye butiki ya kona. Nyumba moja na aneksi zake tatu ni familia nne. Walikuwa wakichukua mkate, sukari na muda wa simu, na majina yao yamo kwenye daftari lake la mkopo. Wameondoka, daftari limebaki. Kimina nacho kimempoteza mwanachama, pengine na deni la kimina juu yake.

Wa tatu ni sisi sote. Mchango wa irondo, ulinzi wa usiku wa mtaani, wa nyumba hiyo haulipwi tena, ilhali watu wa irondo wanatakiwa kulipita geti hilo kila usiku. Majani yanaota mpaka barabarani. Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tunafyeka mbele ya nyumba isiyo na mtu tukinung'unika. Mabomba na nyaya vinaanza kung'olewa, kwa sababu mwizi naye anajua palipo tupu. Na anayekuja kutafuta nyumba ya kupanga mtaani anaiona, anauliza, anakwenda kutafuta Kabeza.

Nyumba moja tupu mtaa unaihimili. Tano je? Kumi je?

Kumi zikoje, tuwaulize Wamarekani. Huko Cleveland, jimbo la Ohio, kuna mtaa unaitwa Slavic Village. Miaka ya 2007 na 2008 ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyopigwa vibaya zaidi na mikopo ya nyumba nchini humo. Benki zilichukua nyumba mfululizo, barabara baada ya barabara, kisha zikaziacha. Wezi wakang'oa mabomba ya shaba. Waliokuwa wakilipa mikopo yao bila kukosa wakajikuta wanaishi katikati ya magofu, na nyumba zao hazina thamani. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuituliza mitaa ya namna hiyo, na kwa awamu tatu ukagharimu karibu dola bilioni 7. Mwaka 2009 kaunti inayozunguka Cleveland ikaunda hazina ya ardhi, chombo cha umma cha kuchukua nyumba zilizotelekezwa, kuzikarabati zinazofaa na kuzibomoa zisizofaa. Zilibomolewa maelfu.

Mji wa Boston ulipata mradi wa busara zaidi, kwa maoni yangu. Shirika moja la huko, Boston Community Capital, lilianza mwaka 2009 kununua nyumba kutoka kwa mabenki kwa bei ya wakati ule, iliyokuwa imeshuka, kisha likawauzia tena walewale waliokuwa wakiishi ndani, kwa mkopo mpya wanaoumudu. Benki ilipata bei ya soko, familia haikuhama, nyumba haikukaa tupu hata usiku mmoja. Cleveland walilipa kubomoa. Boston walilipa ili watu wasihame.

Mtaniambia Kigali si Cleveland. Kweli kabisa. Hapa ardhi inatafutwa, nyumba haikai tupu miaka kumi, na minada yetu haijafikia wimbi lile. Basi tuna bahati: tunaweza kujifunza kabla hatujalazimika. Nasi tuna vyombo vyetu wenyewe.

Vyombo gani? Tuna isibo, kaya chache zenye kiongozi anayejua kila geti.  Tuna umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na baada ya umuganda tunakaa na kuzungumza. Tuna mgoroba wa familia, mkutano wa jioni wa kaya, ambapo mambo ya ndani ya nyumba yanaruhusiwa kusemwa. Tuna Umurenge SACCO, vyama vya akiba na mikopo vilivyoanzishwa katika kila sekta, sekta 416 nchi nzima, Niboye ikiwemo. Na katika kila wilaya kuna ofisi ya MAJ, inayotoa ushauri wa sheria bila malipo. Vyombo tunavyo. Lakini tunavitumia kuzungumzia mitaro, usafi na bima ya afya, na deni la nyumba hatulitaji.

Kwa hiyo, wasikilizaji, turudi kwenye swali letu. Mtaa ufanye nini usiyumbe? Niruhusuni niseme na kila mmoja.

Wewe mdaiwa. Ukikosa rejesho la kwanza, nenda benki kabla benki haijakufuata, na nenda na karatasi: kilichoingia, kilichotoka, unachoweza kulipa kweli. Nenda na mwenzi wako. Mkishindwana, kuna sheria ya mwaka 2021 inayomlinda mteja wa huduma za fedha. Lalamika kwanza kwenye benki yenyewe, na usiporidhika peleka malalamiko yako BNR. Usizibe deni la benki kwa fedha za Banki Lamberi. Na ukiona kweli haiwezekani, uza mwenyewe. Nasema tena: uza mwenyewe, kabla hujauziwa. Na wewe ambaye hujakopa bado, rafiki akikuomba hati yako iwe dhamana ya mkopo wake, jiulize kama uko tayari kumpa nyumba. Maana ndicho anachoomba.

Ninyi wenzetu wa mabenki. Mkopo wa biashara wa miaka mitatu juu ya nyumba ya familia ni mkopo wa hatari, kwenu na kwao. Hapa nchini tumeona inawezekana kukopesha kwa muda mrefu: mpango wa Gira Iwawe kupitia benki ya maendeleo, BRD, ulianzishwa kumkopesha mwenye kipato cha kati kwa riba nafuu kwa hadi miaka 20, apate nyumba ya kuishi. Mkopaji aliyekwama akija mapema, mpeni miezi michache atafute mnunuzi mwenyewe. Mtapata fedha zenu zote, na mteja wenu atabaki na kitu. Na mnapofika kwenye mnada, wapangaji wa aneksi wajulishwe kwa maandishi. Karatasi moja chini ya mlango haigharimu kitu.

Ninyi viongozi wa Kicukiro na wa mji wa Kigali. Mnunuzi wa mnada anapokuja kuhamisha hati, ana jambo la kuwaomba. Nanyi mwulizeni yenu: nani atalinda nyumba hii, nani atafyeka, nani atalipa irondo mpaka mtu ahamie? Jina moja na namba moja ya simu kwa kiongozi wa isibo. Na tovuti ya cyamunara itajwe kwenye mikutano ya wananchi, ili nyumba ya Niboye ishindaniwe na watu wa Niboye pia. Wabunge nao watazame jinsi Kenya na Tanzania zilivyoweka kizuizi cha bei ya kutupa, waone kama sheria yetu inaweza kuchukua kitu hapo.

Na sisi majirani. Hapa sina sheria ya kunukuu. Ukiona magari yasiyo ya hapo yanasimama kwenye geti la jirani, kamwone jirani. Usiende kuuliza umbea, nenda useme, "Nipo." Pengine unamjua mnunuzi. Pengine unamjua mtu aliyepitia hayo hayo akatoka. Pengine aneksi yako ina chumba kwa mpangaji anayefukuzwa. Na kimina chenu kikubaliane leo, wakati hakuna mwenye shida, kwamba mwanachama aliyekwama benki anaruhusiwa kusema bila kuchekwa.

Narudia kwa ufupi, kwa aliyechelewa kufungua redio. Ukimya unakula muda. Muda ukiliwa, bei inashuka. Bei ikishuka, nyumba inachukuliwa na mtu wa mbali na kubaki tupu, na hasara yake inauangukia mtaa mzima, hata asiyedaiwa. Anayetaka kuuokoa mtaa asisubiri nyundo ya mnada. Aanze siku ya rejesho la kwanza lililokosekana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuna umuganda. Tukimaliza kufyeka, tukiwa bado na majembe mkononi, naomba kila isibo ya Niboye na ya mitaa mingine iweke jambo hili kwenye ajenda: nani kati yetu amekwama, na tufanye nini kabla ya tangazo? Atakayesema kwanza atawasaidia wengi walionyamaza. Msimcheke.